Kisiki cha Mzee Seth

19 Novemba

Leo Nasma wa ofisi ya misitu ametugawia shajara sisi wahamasishaji wa kisiki hai. Anataka tuandike mvua inavyonyesha na visiki vinavyochipua, mistari miwili kwa siku. Mistari miwili mimi hainitoshi hata kusalimia, kwa hiyo nitaandika ninavyotaka na yeye atasoma anachotaka.

Mimi ni Yoramu, mkulima wa Zuzu. Watu wananiita Mwalimu wa Visiki, na sijawahi kuwakataza. Shamba langu lilikuwa jangwa. Leo lina migunga mirefu kuliko nyumba yangu na sikupanda hata mmoja. Yote ilikuwa visiki vya miti iliyokatwa zamani, chini mizizi hai, juu vichaka vya kuliwa na mbuzi. Unachagua chipukizi zuri, unapogolea mengine, unalifunga kitambaa chekundu ili kila mtu ajue lina mwenyewe, halafu unalinda. Mti ukikatwa haufi, unamsubiri tu mtu mwenye akili. Hayo ndiyo ninayofundisha, na hapo kwenye mtu mwenye akili huwa napandisha sauti.

22 Novemba

Joto. Mawingu yalifika Bahi yakageuza.

26 Novemba

Mama mkwe amemwita mke wangu Loisi ampe ujumbe aniletee. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Nikifika kwake nasimama pembeni ya mlango, naangalia chini, natoa shikamoo, naye anaitikia akiwa ndani. Mengine yote, Loisi akiwapo, yanapitia kwake, hata kama mimi na mama tunasikiana vizuri kabisa.

Ombi lenyewe ni dogo. Tawi moja la mti wake wa Krismasi linagusa mabati, na upepo wa mvua ukija litang'oa bati. Anaomba nilikate.

Mti huo ni msaiprasi, ila Zuzu nzima inauita mti wa Krismasi. Marehemu mkwe wangu, Mzee Seth, alifanya kazi miaka mingi Mufindi kwenye misitu ya kupandwa, na alipostaafu alirudi na mche ndani ya kopo la maziwa. Akaupanda nyuma ya nyumba, akaukuza kwa maji ya kuoshea vyombo, akasema akifa azikwe hapo. Akazikwa hapo. Mama Lydia, mjane wake, macho yote mawili yana mtoto wa jicho na haoni ila vivuli, lakini kila jioni anaweka kigoda chake kando ya kaburi, anafikicha jani la ule mti vidoleni na kunusa. Loisi anasema mama huwa anasema hiyo ndiyo harufu iliyokuwa kwenye mashati ya baba alipokuja likizo.

30 Novemba

Nilikwenda na kikundi kizima cha wakulima ninaowafundisha, tukate tawi na wakati huohuo wajifunze kupogolea. Nikiwa juu ya ngazi nikauona mti wenyewe vizuri. Shina limepinda, matawi ya chini yamekauka, upande mmoja hauna kitu. Hanifu mwenye duka naye alikuwapo, hakosi palipo na watu, akanichokoza kutoka chini: "Mwalimu, na huu unaweza kuufufua, au wewe ni wa migunga tu?"

Watu wakacheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema tuukate wote, usawa wa goti, na kabla kifuku, msimu wetu wa mvua, hakijaisha utakuwa umetoa shina jipya lililonyooka.

Loisi aliingia ndani kwa mama yake, akatoka. "Mama anauliza, utarudi kweli?"

"Mwambie utarudi mzuri kuliko ulivyokuwa. Hii ndiyo kazi yangu."

Akaingia, akatoka tena. "Anasema wewe ndiye unayejua."

Tukakata. Uwanja wote ulijaa harufu na ulimbo ulitunata mikononi. Kisiki nilikikata mshazari ili maji yasituame juu yake, kama ninavyofundisha, na kikundi kilinipigia makofi. Mama Lydia alitoka na fimbo yake, akasimama mbali kidogo, uso ameuelekeza pale mti ulipokuwa. Alisimama mpaka tumemaliza kufagia.

7 Desemba

Mvua ya kwanza, nusu siku nzima. Zuzu yote iko shambani. Tumepanda mtama na uwele.

12 Desemba

Mvua. Migunga niliyokata Novemba imeanza kutoa macho ya kuchipua. Kisiki cha mama bado.

16 Desemba

Mvua kubwa, maji yamepita njiani. Kisiki bado.

21 Desemba

Mwarobaini wa Hanifu, alioukata kwa panga butu bila kumuuliza mtu, umechipua kila upande. Ameniita niuone. Nikauona. Kisiki cha mama bado.

25 Desemba

Kila Krismasi kanisa letu lilikuwa likipambwa kwa matawi ya mti wa Mzee Seth. Mwaka huu wamepamba kwa mwarobaini. Hakuna aliyesema neno, mwaka ujao wataupata mti mpya, Mwalimu kasema.

Baada ya chakula Loisi akanifikishia salamu. "Mama anauliza kama umeshaona kitu."

"Mwambie miti ya nchi za baridi inachelewa."

"Sawa." Akakusanya sahani, kisha akasema, "Anaumwagilia, unajua? Kila asubuhi. Anabeba ndoo ndogo kutoka bombani, mkono mmoja ndoo, mkono mmoja fimbo."

"Mvua inanyesha, maji ya nini?"

"Nimemwambia hivyo. Anasema mvua ni ya watu wote."

Sina ninachokijua kwa hakika bado. Nilikuwa na wasiwasi tu, na nikajitia hamnazo.

3 Januari

Jua. Bado.

9 Januari

Nasma amekuja kukagua. Binti mdogo, buti kubwa, kalamu nyuma ya sikio. "Shikamoo Mzee Yoramu." Nikamwitikia, nikamtembeza shamba lote, akafurahi, akapiga picha vitambaa vyangu vyekundu. Tulipofika chini ya mgunga wa mwisho nikamwuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Kuna mtu mmoja, wa huko Bahi, amekata msaiprasi. Anataka kujua utachukua muda gani kuchipua."

"Kaukata usawa gani?"

"Wa goti."

"Hakubakiza hata tawi moja lenye majani mabichi?"

"Hakubakiza."

"Basi ampe pole mwenye mti. Huo umekufa."

Nikamwambia mti ukikatwa haufi. Nilimwambia kwa sauti ileile ninayofundishia, halafu mwishoni ikanipasuka.

"Hii miti yetu, Mzee, mgunga, mwarobaini, mpera, ina macho yamelala chini ya gome. Ukiikata, yanaamka. Misonobari na misaiprasi ni jamii nyingine, ni conifer. Mingi kati yake, gome likishazeeka, haina macho ya kuamka. Uhai wake uko huko juu, kwenye ncha na kwenye majani mabichi. Ukiondoa hayo umeondoa kila kitu. Ni miti ya zamani sana ile, hata maua haina. Mbegu yake haikai ndani ya tunda, inakaa wazi kwenye magamba ya zile koni ngumu. Huwezi kuifanyia kisiki hai."

"Yote? Hakuna hata mmoja?"

"Upo. Redwood, uko Marekani, mti mrefu kuliko yote duniani. Ule ukikatwa unachipua mduara mzima kuzunguka kisiki, watoto wanamzunguka mama." Akacheka, kisha akanitazama kidogo. "Lakini mtu wako wa Bahi hakukata redwood, Mzee."

Nikamwambia nitamfikishia. Alipoondoka nilikaa chini ya mgunga wangu mpaka jua likahamia upande wa pili. Nimefundisha watu wa vijiji vingapi maneno yale, na siku zote nilikuwa nafundisha nusu ya kitu huku nikikiita kizima.

10 Januari

Nimeangalia picha za redwood kwenye simu ya Loisi. Watu wameshikana mikono kulizunguka shina moja na hawalimalizi. Nikajiambia, nani ajuaye Mzee Seth aliokota mche gani kule Mufindi? Wazungu waliotangulia huko walileta miti ya kila namna. Huenda ule ni redwood na sisi tumeuita mti wa Krismasi bure. Mtu mzima na mvi zangu, nilitoka mbio kwenda kukwangua gome la kisiki kwa kisu. Mti ulio hai, chini ya gome kuna kijani na maji maji. Huu ulikuwa wa kahawia na mkavu. Nikakwangua upande wa pili, halafu upande wa kaburi.

Mama alisikia kisu. "Ni nani?" aliuliza kutoka jikoni.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mwangalie vizuri."

Alisema mwangalie, kama mtu anayezungumzia mgonjwa.

11 Januari

Leo nitamwambia Loisi amwambie.

Sikumwambia.

15 Januari

Mvua ya mawe. Mtama umelala.

20 Januari

Mama Lydia ameanguka na ndoo. Njia ya bombani ni tope tupu, fimbo iliteleza, akaangukia goti. Jirani ndiye aliyemwinua. Loisi amemkanda kwa maji ya moto, na nilipofika goti lilikuwa limevimba nikaliona kupitia mlango uliokuwa wazi, nikaangalia chini upesi. Ndoo ilikuwa bado ina maji kidogo. Alimwomba Loisi ayapeleke kisikini kabla ya kumkanda tena.

Na kuna hili lingine. Jumapili ilitangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja mjini mwezi wa tatu, kambi ya wiki nzima, wanatoa mtoto wa jicho. Loisi amefurahi mpaka machozi. Amemwambia mama leo, akiwa ameshika lile goti. Mama amekataa.

"Nikiondoka nani atamwagilia? Nirudi nikute umekauka, nitamwambia nini baba yenu? Uchipue kwanza. Ukichipua nitakwenda hata kesho."

Loisi amelia njia nzima ya kurudi. Ameniambia, "Mama atakuwa kipofu kabisa kwa ajili ya kisiki." Nilitembea mbele yake ili asinione uso. Nilikuwa na neno moja la kusema na lingemaliza kila kitu, nami nilikuwa nahesabu madimbwi.

27 Januari

Jua. Nimepalilia mtama.

2 Februari

Nimepiga moyo konde, nimekwenda kwa mama peke yangu. Nikasimama pembeni ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumwangalia?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nilikuwa nimepanga maneno kama mtu anayekwenda kuposa. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Haya, nenda. Sikusumbui."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya kisiki muda unaotosha, nikaaga. Adabu ya ukwe ni kitu kizuri mno kwa mtu mwoga. Hakuna anayekulazimisha kuinua uso.

6 Februari

Mama bado anakataa. Orodha ya kambi ya macho inafungwa mwisho wa mwezi.

8 Februari

Nimekwenda mjini kwa Masudi, anayeuza miche kando ya barabara. Nikamwambia nataka mche unaofanana na mti wa Krismasi. Misaiprasi hana, ana mivinje.

"Wengi wanachanganya," akasema. "Ila huu si wa jamii ile. Mvinje una maua yake, hata kama hayaonekani. Na haya si majani ya sindano, tazama." Akavuta kajani kamoja na kakakatika vipande vipande, kila kiungo mahali pake. "Vijiti vyenye viungo. Mwenye kuujua haumpotezi."

"Na asiyeujua?"

"Asiyeujua atakushukuru tu."

Nikanunua. Nimerudi nao ndani ya mfuko wa mahindi, nikauficha ghalani chini ya majembe. Naandika hivi na mkono unanuka udongo wa kitaluni, na bado sijafanya kitu. Bado naweza kuupanda kwangu uwe mvinje wangu.

9 Februari

Nilisema tumbo linauma, nikabaki. Wote walipokwenda kanisani nilichimba kashimo kando ya kisiki, palipo na ufa wa gome, nikaupanda mvinje umeegemea kabisa, nikafukia, nikatandaza majani makavu juu. Halafu nikafunga kitambaa chekundu. Kitambaa changu, kilekile ninachowafungia watu kwenye mashamba yao. Mikono ilifanya kazi vizuri sana, kwa ustadi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Loisi aliwahi kurudi. Alinikuta nanawa uwanjani kwa mama, akapitiliza hadi nyuma ya nyumba. Aliporudi hakukaa.

"Kile ni nini?"

"Chipukizi."

"Yoramu."

Tangu tumzae Restuta mke wangu haniiti kwa jina. Ni Baba Resti, siku zote, hata tukigombana.

"Anahitaji macho," nikasema. "Amesema ukichipua atakwenda."

"Mti umekufa?"

"Umekufa."

Akakaa juu ya gunia. Bado alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. "Kwa ajili ya macho yake nitanyamaza," akasema. "Lakini sitambebea neno lako hata moja tena. Akirudi anaona, utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi si mdomo wako."

10 Februari

Aliugusa leo. Nilikuwepo, sikuwa na pa kukimbilia, majirani walikuwa wameshauona na wamemwita. Alipiga magoti, lile goti bovu, akautafuta kwa vidole, akaupata. Akapiga kigelegele ambacho sikujua mwanamke wa umri ule anaweza kukipiga. Akazungumza na kaburi kwa Kigogo, maneno ya ndani, ya mke na mume, na sisi wote tukageukia pembeni.

Kisha akakata kajani, akakafikicha, akanusa. Akanusa tena.

"Haunuki."

Watu wakanitazama mimi, Mwalimu. Loisi alikuwa ametazama mlima.

"Bado mchanga, mama," nikasema. "Harufu itakuja."

"Kumbe," akasema. "Haya. Tutaingoja."

16 Februari

Jumapili. Mama Lydia ametoa ushuhuda. Alisimama mbele na fimbo yake, akasema marehemu mume wake alimwachia mti mmoja, ukakatwa, watu wakadhani umekwisha, na Mungu ameuinua kwenye shina. Akasema sasa hana wasiwasi, anakwenda kutibiwa macho. Kanisa zima likasema amina. Mimi pia nilisema amina, maana nilikaa katikati ya watu na mdomo uliofungwa ungeonekana.

Alileta kuku wa shukrani. Baada ya ibada vitu vya shukrani vikapigwa mnada nje kama kawaida, na mnadi alipomwinua yule kuku nikapandisha bei mpaka watu wakaanza kucheka. Nilidhani nikimnunua kwa bei kubwa nitapumua. Sasa ninaye hapa uani, mweupe mwenye shingo tupu, na kila nikipita ananikimbia.

18 Februari

Loisi anauliza tumchinje lini. Nimesema bado.

24 Februari

Mvua. Jina la mama limeandikwa kambini. Hanifu anawaambia wateja wake kwamba mimi nafufua hata miti ya wazungu.

10 Machi

Wameondoka asubuhi, mama na Loisi, kwa bajaji. Wakitoka hospitali watakaa Mkonze kwa dada yake Loisi mpaka daktari amwone tena. Kabla ya kupanda, mama aligeuka upande wangu na kuniambia moja kwa moja, Loisi akiwa hapohapo, kitu ambacho hajawahi kufanya: "Baba, nakuachia mti."

11 Machi

Loisi amepiga simu. Jicho la kulia limefanyiwa. Kesho bandeji inatoka.

12 Machi

Anaona. Loisi anasema kitu cha kwanza alichokisema ni kwamba yeye Loisi amenenepa. Nilicheka kwenye simu, nikacheka kweli, nimefurahi. Kisha simu ikakatika na nikakumbuka anaona nini akirudi.

14 Machi

Niandike kila kitu, maana sina mtu mwingine wa kumwambia. Leo nimeondoa miiba mlangoni mwa uzio wa mama. Mbuzi wa Hanifu hupita pale mchana. Nilifikiri: mbuzi wakiula, mbuzi ndio wenye kosa. Mama atasikitika, mimi nitasikitika naye, na kila mtu atamlaumu Hanifu, ambaye anastahili kulaumiwa kwa mambo mengine mengi. Nikajificha nyuma ya choo kama mwizi wa kuku.

Mbuzi waliingia. Walikula majani ya maboga, wakala khanga iliyoanikwa, wakala kamba. Mvinje waliunusa na kuuacha.

Nikawafukuza, nikarudisha miiba. Nilikaa kando ya kaburi la Mzee Seth nikiwa nimeshika kile kipande cha khanga kilichobaki, na nilijionea aibu hadi nikatamani kupigwa na mtu.

19 Machi

Wamerudi. Mama ameshuka amevaa miwani myeusi, akasimama uwanjani na kuzunguka polepole, akitaja vitu. Bati lile limepata kutu. Ndoo hii imepasuka. Mlima uko karibu namna hii? Nilikuwa pembeni ya mlango, mahali pangu, naangalia chini. Alinipita, akaenda nyuma.

Loisi hakumfuata. Alinitazama tu, nami nikajua zamu yangu imefika.

Mama alikuwa amechuchumaa. Alikuwa amevua miwani. Alivuta kajani ka mvinje, kakakatika kwenye kiungo. Akavuta kengine, kakakatika. Kisha akaufukua kwa vidole, taratibu, mpaka mzizi wa mche ulipoonekana wote, bado umekaa katika umbo la mfuko wa kitaluni.

"Yoramu. Njoo hapa."

Nikaja. Niliangalia miguu yake.

"Nitazame."

"Mama, siwezi—"

"Leo hakuna Loisi. Nitazame."

Nikainua uso. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mama mkwe wangu usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikujua analo. Jicho la kulia lilikuwa safi na lilikuwa linanitazama.

"Mti wa baba yenu ulikufa lini?"

"Siku niliyoukata."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa kwanza. Tarehe tisa."

"Kabla sijaanguka na ndoo."

"Kabla, mama."

"Ukanyamaza nikaendelea kuteka maji."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Nilimwambia yote, misonobari na macho yaliyolala, na kwamba kosa la kukata nililifanya kwa kutojua, na hili la mvinje nililifanya ili aende hospitali. Nilipofika hapo kwenye hospitali sauti yangu ilianza kupanda, kama darasani, na nikaisikia nikaacha.

"La kukata nilikwisha kukusamehe," akasema. "Hata Seth alikuwa anaua miche. Na macho nakushukuru, kama ulinidanganya ndiyo nikapata macho, Mungu ndiye anayejua hesabu hiyo. Lakini mimi nilisimama kanisani, Yoramu. Nilimshukuru Mungu mbele za watu kwa kitu ulichonunua barabarani. Na nikamwambia na yeye." Akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Nilikaa hapa kila jioni namwambia."

Akauweka ule mche mkononi mwangu na mizizi yake. Akavaa miwani, akaingia ndani, na hakufunga mlango.

23 Machi

Jumapili. Wakati wa matangazo mama Lydia alinyanyua mkono, akaenda mbele bila fimbo.

"Mwezi uliopita niliwaambia mti wa marehemu umechipua," akasema. "Haukuchipua. Nilisema kitu ambacho sikukiona. Naomba mnisamehe."

Hakunitaja. Hakutazama hata upande niliokaa. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa macho ya mama yetu, watu wakasema amina kwa upole, wakimwonea huruma. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wanaume, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kusimama. Mchungaji alikohoa. Alitafuta ukurasa. Akatafuta miwani yake. Sikusimama.

Nje, mzee mmoja wa kanisa alinishika bega. "Pole na mkweo, Mwalimu. Uzee huo, wanaona visivyokuwepo."

Nikamwambia, "Asante."

24 Machi

Nimemwambia asante.

25 Machi

Mvua. Sikwenda shambani.

27 Machi

Loisi ananipikia, ananiandalia, na ananiita Yoramu. Nimemwambia lile la asante. Aliweka kijiko chini, akasema, "Siku ile ya ushuhuda wake mimi pia nilinyamaza. Kwa hiyo sikuhukumu. Lakini mimi Jumapili nitakaa karibu na mama."

Nilipita kwa mama jioni. Kigoda kilikuwa mahali pake kando ya kisiki na yeye amekaa, mikono mapajani, hana cha kufikicha. Nilitoa shikamoo kutoka mbali. Aliitikia. Sijawahi kusikia marahaba fupi namna ile.

30 Machi

Mvua imekatika, nadhani ndiyo mwisho wa kifuku. Shajara hii sitampa Nasma. Nitampa kiasi cha mvua kwenye karatasi nyingine, na nitamwambia mtu wa Bahi alikuwa mimi.

Leo sikungoja matangazo. Nilijua nikingoja nitatafuta sababu. Watu walipokaa baada ya wimbo wa kwanza mimi nikabaki nimesimama. Mchungaji akanitazama, kikundi changu kikanitazama, yule mzee wa kanisa akanitabasamia.

Nikasema mama Lydia hakuona visivyokuwepo. Nikasema mti niliuua mimi, kwa sifa, kwa sababu watu walicheka na mimi nilitaka wanyamaze. Kwamba nilijua umekufa nikamwacha ateke maji. Kwamba mlichokiona kimefungwa kitambaa ni mvinje wa kununua, niliupanda saa ya ibada, ninyi mkiwa humu ndani mnasali. Kwamba aliposimama hapa kuomba msamaha, alikuwa anauomba kwa kosa langu, na mimi nilimsikia nikakaa.

Nilikuwa nimeongea nikitazama madhabahu. Nilipomaliza, hakuna aliyesema amina. Benchi likatoa mlio mahali fulani. Nilibaki nimesimama pale, sijui mtu akishasema hayo hufanya nini, na Mchungaji naye alionekana hajui.

Upande wa wanawake, mbele, mama Lydia akageuka. Aligeuka mwili mzima, akavua miwani, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, mbele ya wakwe na majirani na watu wote wanaojua kwamba jambo hilo halifanyiki.

"Kaa, Yoramu," akasema. "Nimekusikia."

Nikakaa.